Mshenga wa Maneno

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mshenga, naye aliitika, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kuyaoza maneno.

Nyumba ya magazeti ya zamani ilikuwa imeamua kuyaweka magazeti yake yote kwenye mtandao, ili mtu yeyote mwenye simu aandike neno na kuletewa kila habari iliyowahi kuchapishwa juu yake. Mashine ya kutafutia ilitengenezwa na Fundi, bwana mmoja mpole aliyekuwa akila karanga mezani siku nzima na kuwalaumu panya kwa maganda. Mwanzoni mashine yake ilikuwa kipofu. Ilijua herufi tu. Ukiiandikia "mtoto" haikukuletea "watoto". Haikujua kwamba "walizama", "akazama" na "wamezamishwa" ni watu wa nyumba moja. Fundi akaifundisha kuyavua maneno viambishi vya mbele na vya nyuma mpaka libaki shina peke yake, na hapo ikaingia wazimu wa pili, ikawa inavua hata yasiyovaa kitu. Ilidhani mkate umetokana na kukata, basi aliyeuliza bei ya mkate akaletewa habari za wakata miti. Ilidhani kuku ni kitenzi. Aliyetafuta wali alimiminiwa kila habari yenye watu waliokuwa mahali fulani wakifanya jambo fulani, yaani karibu gazeti zima.

Ndipo akaajiriwa Mshenga, aliyekuwa amefundisha lugha shuleni kwa muda mrefu. Alipewa meza ya dirishani, juu ya karakana ya mafundi magodoro, na kila asubuhi mashine ilimletea posa. Ndivyo walivyoziita. Mashine ilikuwa ikiwatazama watu wanavyohangaika: mtu akiandika neno asipate kitu, kisha papo hapo akaandika jingine, ilishuku kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Kufa na kufariki. Gari na motokaa. Mafuriko na gharika. Mshenga alizisoma posa moja moja, akikubali au akikataa. Majina ya watafutaji hayakuonekana, wala namba zao. Yalionekana maneno matupu, kama sauti za watu walio chumba cha pili.

Asubuhi moja alikuta posa baina ya "mimwe" na "pacha".

Fundi alipochungulia alisema hilo ni kosa la kuandika, akatae tu waendelee. Mshenga hakukataa. Alikuwa ameitoa mikono yake kwenye meza na kuiweka mapajani. Neno hilo alilijua. Hakuwa amelisikia tangu akiwa na miaka saba, na aliamini kwamba watu waliowahi kulijua duniani walikuwa wawili tu. Mmoja ni yeye. Wa pili alichukuliwa na maji.

Walizaliwa pacha, wasichana wawili. Yeye ndiye aliyetangulia kutoka, na ndiye aliyetangulia kusema. Mwenzake majirani walimpachika jina la Kimya, maana hakusema na mtu. Lakini hakuwa kimya hata kidogo. Alikuwa na lugha yake, aliyoisema na dada yake tu, chini ya kitanda, bafuni, nyuma ya mlango wa jikoni. Shishu yalikuwa maji. Tolo ilikuwa njoo. Mimwe ilikuwa mimi na wewe, vikivutwa mpaka vikawa kitu kimoja, na hivyo ndivyo kila mmoja alivyomwita mwenzake. Mtu akimuuliza Kimya jambo, Kimya alimgeukia dada yake, na dada yake akatoa jibu kwa lugha ya watu. Mwalimu wa darasa la kwanza aliwashauri wazazi wajifanye hawaelewi, ili mtoto alazimike kuzungumza kama wenzake. Wazazi wakatii.

Mwaka huohuo mvua ilikataa kukatika. Mto uliopita nyuma ya mtaa ulipanda mpaka uani, ukuta ukaanguka, maji yakaingia kwa mkupuo mmoja, na Kimya akatoka mikononi mwa baba. Walimtafuta mpaka maji yaliposhuka. Mwili haukupatikana. Baba akaweka msiba bila maiti, akawaambia ndugu kwamba jambo limekwisha, na tangu siku hiyo hadi alipofariki jina la mtoto yule halikutajwa mbele yake. Mshenga alihamishiwa shule nyingine, akakua kama mtoto wa pekee. Lugha ile, kwa kukosa mtu wa kuisema naye, ikamtoka.

Sasa ilikuwa inamrudia. Posa isiyojibiwa ilirudi kesho yake, na mashine ilikuwa na tabia ya kuandika pembeni kiasi inavyoamini. Kila neno lilipotafutwa tena, imani ilipanda. "Mimwe" na "pacha" zikarudi, imani imepanda. Ikaja "shishu" na "mto". Ikaja "tolo" na "njoo". Mshenga akawa anaingia kazini akiwa amebana pumzi. Neno moja lilimvutia jingine, hata yale ambayo mashine haikuyaleta: la giza, la kujikunja mtu akisikia baridi, la uji ulioungua. Yalimjia akiwa kwenye ngazi, akiwa anaoga. Siku moja mfanyakazi mwenzake alimuuliza kama anataka maji ya kunywa, naye akajibu kwa lugha ile. Mwenzake alicheka akidhani anatania. Mshenga alikwenda msalani, akafungua bomba anawe uso, na mlio wa maji ulimfanya alifunge upesi.

Mwishowe alimweleza Fundi. Hakumweleza yote, alisema tu kwamba kuna mtu anatafuta kwa maneno ya marehemu. Fundi aliacha kutafuna. Alisema sheria ya nyumba hairuhusu, lakini ikibidi anaweza kufuatilia maneno hayo yanatoka kwenye simu ipi. Mshenga akamwambia asifanye hivyo. Alitoa sababu ya sheria. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba hakujua angefanya nini na jibu. Kama mwenzake alikuwa hai, basi kwa miaka yote hiyo alikuwa akiita na hakuna aliyeitika. Kama hakuwa hai, basi ni nani huyu.

Jumapili alikwenda kwa mama yake kama kawaida. Mama aliishi peke yake, chumba na sebule, nyuma ya duka la rangi. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi kwenye kochi. Mama alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, simu ameisogeza mbali na uso, kidole kimoja kikiwa hewani kama mtu anayetaka kugusa pasi kuona kama imepata moto. Mshenga alianza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kiti.

"Hebu wewe uliyesoma," mama akasema bila kugeuka. "Magazetini, mtoto akiokotwa wanaandikaje?"

Mshenga aliuliza mtoto gani.

"Mtoto tu. Naandika 'mtoto kaokotwa', haileti kitu. Naandika 'kaokotwa mtoni', haileti. Hiyo mashine yenu kiziwi."

Mshenga aliweka chini shuka alilokuwa analikunja, akazunguka kochi, akatazama simu. Kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa herufi kubwa za macho ya mzee, palikuwa pameandikwa: mimwe tolo.

"Mama, maneno haya umeyatoa wapi?"

"Nimeyatoa wapi? Nyumbani kwangu," mama akasema.

Kisha akaeleza, taratibu, huku akifuta miwani kwa pindo la nguo. Yule mwalimu aliwaambia wajifanye hawaelewi. Baba yao hakuelewa kweli, maskini. Yeye alijifanya. Alikuwa akisimama nyuma ya mlango wa jikoni, sufuria mkononi, akisikiliza, mpaka akayajua yote, pamoja na lile walilomwitia yeye akikasirika. Hapo alitabasamu kidogo. Hakuwahi kulisema hata moja kwa mdomo. Lakini baada ya baba yao kufariki, na baada ya Mshenga kumwonyesha jinsi ya kusoma magazeti ya zamani kwenye simu ili ajiburudishe, alianza kuyaandika.

"Mwenzako hakujua kutaja jina lake," alisema. "Kama alitolewa kwenye maji akiwa mzima, walimuuliza, wewe nani, wazazi wako wako wapi. Angejibu nini? Angesema yale yake. Basi na mimi natafuta kwa yale yake."

Mshenga alikaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, mguu wa mama kando ya bega lake. Hofu aliyokuwa amekaa nayo haikuondoka kama alivyotegemea. Ilibadilika tu mahali pa kukaa. Kwa siku zote hizo alikuwa amedhani mtu aliyekufa anamwita, kumbe ni mtu aliye hai anayemwita yule aliyekufa, saa za mchana kweupe, kwa mashine ambayo yeye Mshenga ndiye aliyeajiriwa kuizibua masikio.

Alimweleza mama kwamba gazeti haliandiki "kaokotwa". Gazeti linaandika "ameopolewa", "amenusurika", "hajatambuliwa". Haliandiki "mtoto", linaandika "mtoto wa kike anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka kadhaa". Mama akauliza kwa nini watu hao hawasemi kama watu.

Jumatatu aliingia kazini mapema. Alianza na "ka". Watu mtaani husema kafa, kaja, kaokotwa, na mashine haikuwa ikikivua kiambishi hicho. Fundi alikubali mara moja. Kisha akaomba "okota" na "opoa" zioane, na hapo Fundi akabisha, na alikuwa na haki ya kubisha. Kuokota ni kwa kitu kilicho chini, kuopoa ni kwa kitu kilicho majini. Wakiyaoza hivihivi, mtu anayetafuta habari za kuokota kuni ataletewa maiti. Walibishana mpaka karanga zikaisha. Mwisho wakakubaliana kwamba maneno hayo yawe ndugu pale tu yanapokuwa na "mtu" au "mtoto" karibu, na pasipo hivyo kila moja liende zake.

Kuhusu "mimwe" hakuweza kufanya lolote. Neno haliingizwi mpaka liwe limeonekana magazetini, na Fundi alipolitafuta wakati huo mashine ilijibu sifuri. Mshenga akaendelea na kazi nyingine. Ilikuwa ni kusoma tu, kurasa za zamani moja baada ya nyingine, akitafuta tahajia zilizoisumbua mashine. Ndipo akaona kwamba mwandishi fulani wa habari za mji wa kule chini, mto unakoelekea, alikuwa na tahajia ya kizamani. Aliandika "muezi" badala ya mwezi, "muenyewe" badala ya mwenyewe, "muanamke". Habari zake za miaka mingi zilikuwa zimelala humo, hazionekani, kwa sababu mashine ilikuwa ikiitenga kando kila habari yenye tahajia ya namna hiyo. Mshenga aliomba mashine ifundishwe kuzisoma tahajia hizo mbili kama moja. Fundi alilimaliza kabla ya chakula cha mchana, akasema hilo lilistahili kufanywa zamani. Mshenga alikubaliana naye. Alijiambia kwamba anafanya kwa ajili ya wasomaji wote, na hilo lilikuwa kweli pia.

Mama alipiga simu kesho yake, wakati mafundi magodoro wakipiga pamba uani na vumbi likipanda hadi dirishani.

"Nimempata," alisema.

Mshenga alimuuliza nani, ingawa alikwishajua. Mshenga akafungua mashine na kuandika "mimwe" kwa mkono wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Ilikuja habari moja. Ilikuwa fupi, chini ya ukurasa wa ndani, kando ya tangazo la sabuni. Ilisema mtoto wa kike anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka sita au saba ameopolewa na wachimba mchanga, akiwa ameshikilia mti uliong'oka. Amelazwa hospitalini. Hajatambuliwa. Akiulizwa jina hujibu Tolo Mimue. Muenye kumfahamu anaombwa afike.

Gazeti hilo liliuzwa hata mtaani kwao, na baba alikuwa msomaji wake. Lakini wiki zile walikuwa wakilala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine zilizokosa makazi, na hakuna aliyekuwa ananunua gazeti. Na hata kama angelinunua, isingesaidia. Baba angeliona jina hilo akadhani ni mtoto wa wageni, akafungua ukurasa wa michezo.

Hapakuwa na habari ya pili. Mshenga alitafuta kwa kila neno alilolijua, kwa wingi na kwa umoja, na mashine, iliyokuwa sasa na masikio, ilirudi mikono mitupu. Hakuna aliyeandika kama mtoto alipona, wala kama kuna mtu aliyefika.

Walisafiri siku ya Ijumaa. Mama alikuwa na mkoba, na ndani yake gauni jipya la mtu mzima, alilolinunua kwa kukadiria mwili wa Mshenga. Alilionyesha mara moja tu, akalikunja tena. Njia nzima hakuna aliyesema neno "kama".

Hospitali ile ilikuwa imepanuliwa, na wafanyakazi wake walikuwa vijana wasiojua habari za miaka ile. Waliwaelekeza kwa muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi nyuma yake, mama mzee mwenye magoti mabovu, aliyewakaribisha huku akiomba radhi kwa kutoinuka. Mshenga alitaja mwaka wa mafuriko, akataja wachimba mchanga. Alikuwa bado hajafika kwenye jina pale muuguzi alipowatazama, kwanza mama, kisha yeye, na macho yake yakabaki kwake. Sura ile aliwahi kuiona, ikiwa ndogo.

"Mmechelewa, wanangu," alisema, na hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetoa pole.

Mtoto aliingiwa na maji kifuani. Aliishi siku chache, na siku mbili za mwanzo walidhani atapona. Alikuwa akikaa kitandani akitazama mlango na kurudia maneno yale mawili, tolo mimue, tolo mimue, bila kulia. Waliandika hivyo kwenye kadi yake kwa kuwa walihitaji kuandika jina. Mtoto mwenyewe hakuliitikia, na hilo muuguzi aliliona ajabu tangu wakati ule. Alijua kwamba mtu haitikii jina lake akiwa mgonjwa sana, lakini huyu aligeuka kwa kila sauti nyingine.

"Lilikuwa jina kweli?" aliuliza. "Nimejiuliza maisha yangu yote."

Mama alimtazama Mshenga. Ilikuwa kama zamani. Mtu ameuliza, na mwingine ndiye wa kujibu.

"Hapana," Mshenga akasema. "Alikuwa ananiita mimi. Alikuwa anasema njoo."

Muuguzi akasema kwamba siku ya mwisho, kwa kukosa la kufanya, alimshika mtoto na kumrudishia maneno yake yaleyale, sikioni, kama wimbo. Mtoto akatulia. Alitulia kabisa, kichwa kifuani kwake. Muuguzi hakujua alichokuwa anakisema. Aliona tu kwamba kinasaidia.

Mama aliinuka, akamfuata pale alipoketi, akapiga magoti na kuishika mikono yake.

Kaburi lilikuwa kwenye uwanja mdogo wa hospitali, safu ya wasio na ndugu. Lilikuwa na kibao cha saruji kilichoandikwa kwa msumari kabla hakijakauka. Mshenga alilisoma jina lake, lile la chini ya kitanda, likiwa na neno la kumwita mbele yake, mbele ya watu wote, jua likiwaka. Alihisi miguu ikitaka kwenda. Hakujua wapi. Mama alimshika kiwiko, kwa nguvu isiyo ya mtu wa umri wake, na hakumwachia mpaka walipotoka getini.

Baadaye walibishana kuhusu kibao. Mshenga alitaka kiandikwe upya, jina la kweli, mtoto wa fulani. Mama alikataa. Alisema pale ndipo mahali pekee duniani ambapo mwanawe aliandikwa kama alivyosema mwenyewe. Kibao kikabaki.

Posa zile hazikuja tena ofisini. Mshenga aliendelea na kazi, na sasa alizisoma polepole zaidi, hasa za watu walioandika neno moja kwa namna nyingi mfululizo kisha wakanyamaza. Fundi hakumsukuma.

Alimhamishia mama kwake. Wanaishi vizuri, wanagombania redio. Isipokuwa baadhi ya siku, alasiri, mvua ikiwa imeanza, mama huitika kutoka jikoni wakati hakuna aliyemwita. Huitika "abee", kwa sauti ya mwanamke mwenye watoto wadogo, na hutoka akikausha mikono, akasimama katikati ya sebule akingoja kuambiwa anachotakiwa. Mwanzoni Mshenga alikuwa akimuuliza amemwitikia nani. Siku hizi hamuulizi. Huzima redio, akasogea kwenye kochi ili pabaki nafasi, na wote wawili hukaa wakisikiliza.